Chui Asiyekuwepo wa Mwagesa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo atakayedhani anaijua, tafadhali akapimwe macho. Inaitwa Jamhuri ya Tulizana. Ni nchi njema sana. Ina mvua, ina mihogo, ina magereza ya kumtosha kila mwananchi, na kwa miaka thelathini na nane sasa haina hata chui mmoja.

Chui walikwisha namna hii. Mtukufu Rais, enzi hizo bado ana nywele, aliingia porini peke yake na bunduki yake, yeye na askari mia mbili na mpiga picha, akatoka na ngozi. Akasimama mbele ya umati akasema, "Huyu alikuwa wa mwisho. Kuanzia leo laleni milango wazi." Watu wakashangilia mpaka wengine wakazimia. Ikatungwa sheria kwamba chui hayupo. Ikawekwa sikukuu, Siku ya Chui wa Mwisho, ambapo watoto huimba, wakubwa hula pilau, na wahalifu watatu wanne hunyongwa uwanjani ili siku ipate kupendeza. Ngozi yenyewe ilitandikwa kwenye kiti cha Mtukufu, naye ameikalia tangu hapo.

Tatizo ni wananchi. Wananchi, jamani, hawana shukrani! Kila mwaka wanajitokeza watu wa vijijini wanaodai kumwona chui. Mmoja kaona mkia, mwingine kaona macho, mwingine, ujeuri ulioje, kaliwa kabisa. Serikali haikukasirika. Iliunda Tume ya Kuchunguza Madai ya Kuonekana kwa Wanyama Wasiokuwepo, na katika Tume hiyo, chumba cha mwisho jirani na choo, alikaa Bwana Fikirini Ngoloka, Mpelelezi Daraja la Tatu.

Fikirini alikuwa na miaka arobaini na tano, mpole, mwenye kikohozi kilichomjia kila alipoogopa, yaani kutwa mara tatu. Marehemu baba yake alikuwa mwindaji na alimfundisha nyayo. Ungemwonyesha alama kwenye vumbi, angekwambia ni jike, ana mimba, na anachechemea mguu wa nyuma. Elimu hiyo Tume haikuihitaji, kwani ilikuwa na njia yake ya kisayansi. Shahidi aliletwa, akaulizwa ameona nini. Akishajibu, alilazwa kwenye benchi akachapwa viboko kumi na viwili kwa mkia wa samaki taa, kisha akaulizwa tena swali lile lile. Jibu lililobaki baada ya viboko ndilo lililoandikwa, kwani ukweli, kama alivyopenda kufundisha Kamishna, haudhuriki kwa fimbo. Katika miaka kumi na moja hakuna chui aliyewahi kuvuka kiboko cha nane.

Fikirini hakuwahi kushika kiboko. Kazi yake ilikuwa kuuliza, mara ya kwanza na mara ya pili. Alipofika nyumbani alinawa mikono, akajiambia kwamba kuuliza si kupiga, akala, akalala.

*

Wiki tatu kabla ya sikukuu, faili likatua mezani kwake. Kijiji: Mwagesa. Marehemu: Dunstani Kasase, mfugaji wa mbuzi. Mshtakiwa: mkewe, Nyamizi binti Ngoloka.

Fikirini alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nyamizi alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Nyamizi ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akaacha shule ili yeye asome. Alichukua faili mbio mpaka kwa Kamishna.

Mheshimiwa Kamishna, Daktari, Jenerali Mstaafu Baltazari Kikwembe alikuwa bonge la mtu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi.

"Mheshimiwa, huyu ni dada yangu. Sistahili kuichunguza kesi hii."

Kamishna alifungua kitabu cha kanuni. "'Mpelelezi asiwe na undugu na mnyama anayechunguzwa.' Una undugu na chui?"

"Sina, mheshimiwa."

"Na chui yupo?"

"Hayupo, mheshimiwa."

"Basi umefuzu mara mbili. Sasa sikiliza, Ngoloka, maana jambo hili ni jepesi kama unyoya. Marehemu ameraruliwa koo. Utumbo umemwagwa kizingitini. Mguu mmoja umekutwa juu ya mti. Chui hayupo. Nani kaupandisha mguu juu ya mti? Aliyekuwa nyumbani. Nani alikuwa nyumbani? Mkewe."

"Mama wa miaka hamsini na tatu apande mti na mguu wa mumewe, mheshimiwa?"

"Ndoa zina mambo," alisema Kamishna kwa huzuni, akafunga kitabu.

Nyamizi aliletwa asubuhi iliyofuata, akalazwa kwenye benchi. Kanuni zilimkataza mpelelezi kumwita mshtakiwa kwa jina la undugu, kwa hiyo Fikirini alitazama karatasi, akauliza, "Umeona nini, mama?"

"Mama? Mama yako nani?" Nyamizi aliinua kichwa. "Nilimwona chui, mdogo wangu. Saa tisa mchana, jua linawaka. Alitokea nyuma ya zizi akamrukia shemeji yako shingoni. Nilimtwanga kwa mchi mpaka mchi ukavunjika. Alinitazama tu, akaendelea kula. Mbona unaniuliza kama hunijui?"

Mkia wa taa ukashuka. Mkia wa taa una miiba midogo, hauchapi tu, unachuna. Kufika kiboko cha tano gauni lilikuwa limekwisha na zamu ilikuwa ya ngozi. Kufika cha kumi damu ilikuwa inadondoka chini ya benchi, na karani akainua miguu yake ili asichafue viatu.

"Umeona nini, mama?" Sauti ya Fikirini haikutoka vizuri.

"Chui."

Kamishna aliamuru kumi na viwili vingine. Ngozi ya mgongo ikaachana na nyama.

"Umeona nini?"

"Chui!" Nyamizi alitema damu sakafuni. "Hata mnisage kama karanga, aliyemla mume wangu ni chui, na nyote humu ndani mnajua. Wewe, Fikirini, unajua kuliko wote."

Mchapa viboko aliomba maji ya kunywa na ruhusa ya kupumzisha bega. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea tangu Tume iundwe. Kwa kanuni zao wenyewe, ukweli ulikuwa umepatikana. Kamishna alitafakari, kisha akaamuru iandikwe kwamba mshtakiwa ni sugu, na usugu ni tabia ya wauaji.

*

Fikirini aliondoka siku hiyo hiyo kwenda Mwagesa, begani amebeba mfuko wa plasta, ule unga mweupe wanaofungia watu waliovunjika mifupa. Alijua jambo moja. Binadamu unaweza kumchapa akabadilisha maneno, lakini unyayo hauchapwi.

Kijiji kizima kilikuwa kimefunga milango mchana. Aliyemfungulia ni Mama Tabu, jirani wa dada yake, kikongwe aliyeshika panga hata anapopika uji.

"Mmemwona, mama?" aliuliza Fikirini.

"Nani? Sisi hatumwoni mtu, mwanangu. Tunaangalia tu asubuhi nani hayupo." Alikoroga uji. "Jumatano ilikuwa mjukuu wangu. Nimemwandikisha kwamba amehamia mjini. Ana miaka mitatu, amehamia mjini. Kilichobaki ni kiatu, nacho karani wa kijiji alinishauri nisikitaje."

Fikirini alienda uani kwa dada yake. Alizunguka nyuma ya zizi, akapiga magoti, na pale kwenye tope la kando ya birika la mbuzi akaukuta unyayo: vidole vinne, kisigino kipana, kucha zimerudishwa ndani, mkubwa kama kisahani cha chai. Hata baba yake angeuvulia kofia. Alikoroga plasta, akamimina, akangoja igande, akalikandamiza umbo lile kwenye plasta nyingine likaacha shimo la unyayo, huku machozi yanamtoka kwa furaha. "Umepona, dada," alisema peke yake. "Wallahi umepona."

Siku ya kusikilizwa kesi aliiweka ile plasta mbele ya wakubwa watatu wa Tume: Kamishna, Katibu Serafini, na Daktari Mbonde, ambaye alikuwa daktari kwa barua ya uteuzi.

"Hii ni alama ya nini?" aliuliza Kamishna.

Fikirini alikuwa amejiandaa usiku kucha. "Ni alama ya mnyama ambaye hayupo, mheshimiwa. Lakini amekanyaga."

Wakubwa waliinamiana, wakanong'ona. Kisha Daktari Mbonde akasimama, akasafisha miwani. "Kitaalamu, huu ni mkono wa mwanamke aliyekunja vidole kwa hasira. Mshtakiwa asogezwe, tupime."

Nyamizi akasogezwa na mkono wake wa kulia ukawekwa juu ya ule unyayo. Kila mtu aliona. Vidole vilikuwa virefu mno, kiganja chembamba mno.

"Hauingii!" Fikirini aliruka kutoka kitini. "Mheshimiwa, tazama mwenyewe, hauingii!"

"Haujaingia bado," alisahihisha Daktari, akaagiza nyundo.

Walianza na kidole kidogo. Askari wawili walimshika mabega, wa tatu akashika kiwiko. Katibu Serafini aliandika kila kidole kilipovunjika, kwa mwandiko mzuri wa kulaza. Nyamizi hakulia kwa kidole cha kwanza wala cha pili. Cha tatu alilia jina la mama yao, na kiganja kilipopasuka katikati alilia kitu ambacho hakikuwa jina la mtu. Fikirini alijirusha mbele akapigwa kitako cha bunduki kwenye meno, mawili yakamtoka. Alipoinua uso kutoka sakafuni, mkono wa dada yake, au kilichokuwa mkono, ulikuwa umekaa ndani ya ile plasta kama ugali kwenye bakuli.

"Umeingia sawasawa," alitangaza Kamishna. "Tume inamshukuru mpelelezi kwa bidii yake. Bila kielelezo chake kesi hii isingekamilika."

Wakampigia makofi. Fikirini alitapika ndani ya kofia yake, kwa sababu sakafu ilikuwa ya serikali.

*

Hukumu ilikuwa kunyongwa siku ya sikukuu. Lakini Tulizana ni nchi ya sheria, haimnyongi mtu ovyo. Hati ya kunyonga lazima isainiwe na Kamishna mahali kosa lilipotendeka, wajumbe wote wa Tume wakiwepo na mshtakiwa akishuhudia. Ndipo siku tatu kabla ya sikukuu msafara ukafika Mwagesa, saa nane mchana.

Meza ilitandikwa kitambaa cha kijani uani kwa marehemu. Ziliwekwa chupa za maji, bendera ndogo na maua ya plastiki. Askari kumi wa Kapteni Rajua walipanga mstari, bunduki mkononi. Wanakijiji walisimamishwa nje ya ua ili wajifunze. Nyamizi alifungwa kwenye nguzo ya zizi, mkono wake umevimba kama mkate, na Fikirini akaamriwa asimame kando yake kama mtaalamu.

"Nisamehe, dada," alinong'ona kwenye pengo la meno yake.

"Nitakusamehe ukiniambia wewe umeona nini," alisema Nyamizi. Fikirini akakohoa.

Katibu Serafini akasimama kusoma hati. Alikuwa amefika kwenye maneno "kwa mamlaka niliyopewa" pale kilipotokea, juu ya paa la jiko, kitu ambacho siwezi kukitaja, kwani mimi pia nina watoto. Niseme tu kwamba kilikuwa na madoa. Kilishuka bila haraka, kikapita mbele ya askari kumi, kikamwangusha Katibu kifudifudi na kumfungua mgongo kuanzia ukosi hadi mkanda. Hati ikaanguka mezani, imelowa.

Hakuna bunduki iliyolia. Askari waliangalia mbele. Wanakijiji walishikana mikono. Kamishna alitazama chupa yake ya maji kana kwamba hajawahi kuona maji.

"Katibu ametutoka kidogo," alisema. "Daktari, tusaidie kusoma."

Daktari Mbonde aliinuka, akaiokota hati mezani. Nyuma yake mifupa ilikuwa inasagwa. Alisoma mstari mmoja, wa pili, miwani imejaa jasho. Wa tatu hakuumaliza kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeingia mdomoni. Kilipasuka kwa sauti ya nazi. Damu iliruka ikayapata maua ya plastiki. Daktari alitembea hatua mbili akiwa tayari si daktari, akalala.

Kamishna alimgeukia Kapteni. "Kapteni, huna... huna jambo lolote la kuripoti?"

Kapteni Rajua alipiga saluti. "Hapana, mheshimiwa! Kanuni ya saba: askari hapigi risasi kitu kisichotajwa na mtu wa Tume. Kikitajwa tu, tunapiga."

Basi Kamishna akasikia pumzi ya moto kwenye kisogo chake. Kalamu ilikuwa mkononi. Alimtazama Fikirini, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ikawa ndogo.

"Ngoloka. Wewe ndiye mtaalamu wetu. Hebu tazama nyuma yangu. Unaona nini?"

Fikirini aliona. Aliona jike kubwa, zee, jino moja limekatika, sikio limechanika, nywele za Katibu kwenye ndevu zake. Neno moja tu, na bunduki kumi zingelia. Kamishna angepona, angejipangusa, angesaini. Alimtazama dada yake kwenye nguzo. Kikohozi hakikumjia.

"Sioni kitu, mheshimiwa."

"Angalia vizuri, kijana wangu!"

"Naona zizi. Naona mbuzi wawili."

"Nakuamuru umwone!"

"Nimwone nani, mheshimiwa?"

Kamishna alifungua mdomo alitaje neno lile mwenyewe. Alifika kwenye herufi mbili za mwanzo, na zilizobaki zilimezwa pamoja na koromeo lake. Alikuwa mtu mkubwa, alichukua muda. Alipiga mateke meza, akang'ang'ania kitambaa cha kijani, akaburutwa nacho mpaka kwenye kivuli cha zizi, na huko aliendelea kukoroma mpaka tumbo lake lilipofunguliwa. Askari waliendelea kuangalia mbele. Mmoja wao, kijana kabisa, alikuwa amejikojolea.

Fikirini alikuwa amesimama mbele ya dada yake, mikono ameitanua. Lakini mnyama alikuwa ameshiba. Alijinyoosha pale kivulini, akaanza kujilamba damu.

Ndipo Kapteni Rajua akapiga hatua sita, akasimama mbele ya Fikirini, akapiga saluti. Fikirini aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayepigiwa.

"Wewe, mheshimiwa. Kwa orodha ya vyeo, waliokutangulia hapa wote wametutoka. Wewe ndiye Kaimu Kamishna." Alifuta kalamu kwenye suruali, akamkabidhi. Akaokota kofia ya marehemu, akamvika. Ilikuwa na damu, lakini ilimkaa. "Hati inangoja. Kuna marehemu wanne sasa, na lazima awepo muuaji. Mshtakiwa alikuwa amefungwa mbele ya macho yetu, hawezi kuwa yeye. Tumwandike nani?"

Alimtazama Fikirini kwa makini, hasa shingoni.

Fikirini alikaa kwenye kiti cha Kamishna. Kilikuwa na mto. Akafikiri upesi kuliko siku zote za maisha yake, kisha akaandika: Kwamba Dunstani Kasase aliuawa na Baltazari Kikwembe. Kwamba Kikwembe, siri ilipokaribia kufichuka, aliwaua pia Katibu na Daktari. Kwamba baadaye, kwa kuelemewa na majuto, alijirarua koo mwenyewe, akajitoa utumbo, akafa. Akasaini.

Kapteni alisoma, midomo inatembea. "Imenyooka, mheshimiwa." Akamfungua Nyamizi kamba.

Fikirini alimdaka kabla hajaanguka. Alimkumbatia, akalia kama mtoto, damu ya mgongo wake ikamlowanisha shati. "Umepona, dada. Unaenda nyumbani. Umepona."

Nje ya ua watu walikuwa hawajaondoka. Mama Tabu alisogea hadi kwenye fito, panga limening'inia mkononi. "Mwanangu," alisema, "sasa mkubwa ni wewe. Vijana hawa wana bunduki, naye yule pale amelala. Tamka neno moja tu. Tuna watoto ndani."

Kapteni alisikia. Askari kumi walisikia, na vidole vyao viligusa vifyatulio, kwani nao walikuwa na mama zao vijijini. Kule kivulini mkia ulipiga nzi.

"Kuna amri nyingine, mheshimiwa?" aliuliza Kapteni.

Fikirini aliitazama hati. Akilitamka neno lile, chui yupo. Chui akiwepo, Kikwembe hakuua mtu, karatasi ni uongo, Mtukufu ni mwongo, na kamba ya sikukuu itamrudia dada yake, pamoja na yeye, pamoja na Kapteni. Aliigusa saini yake kwa kidole. Wino ulikuwa umeshakauka.

"Hakuna," alisema. "Kunjeni meza."

Nyamizi alijitoa mikononi mwake. Alisimama kwa shida, ameubana mkono uliovunjika kifuani, akamtazama mnyama, akawatazama majirani zake, akamtazama yeye.

"Fikirini," alisema. "Na chui?"

Kapteni alikuwa ametega sikio. Fikirini aliiweka kofia vizuri.

"Chui gani, dada?"

Nyamizi alimtazama mpaka yeye akainamisha macho.

"Ungewaacha waninyonge," alisema. "Ningekufa nina ndugu."